Jina Langu Lisilo na Kitu Mbele

Makole, Dodoma
Alhamisi, 16 Septemba 1993

Bw. Ludovick,
Mwenyekiti, Kamati ya Harusi ya Angelina na Gerson.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUACHWA KWANGU BILA CHEO KWENYE PROGRAMU YA HARUSI YA MWANANGU

Mimi ni mzima, mama Angelina ni mzima, mbuzi nao wazima. Nimekuita Ndugu kwa mazoea tu, usikasirike. Nasikia siku hizi ukiitwa hivyo hugeuki, mpaka mtu aseme Mheshimiwa. Basi, Mheshimiwa.

Unanifahamu. Mimi ndiye baba wa bibi harusi, ambaye tangu nipunguzwe kazi masjala mwaka jana naandika majina kwenye kadi za harusi za nusu ya Makole, kwa sababu ya mwandiko wangu. Katika mji huu hakuna anayejua vyeo vya watu kunishinda. Jana uliniletea programu ya Jumamosi ya wiki ijayo niinakili vizuri. Nilipofika kwenye jina langu, loo! Mbele yake hakuna kitu. Yotham Chalula, basi, kama naitwa zamu ya kliniki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimboka mwenye ukumbi wa video ameandikwa Mheshimiwa. Nimeuliza uheshimiwa huo ameutoa wapi, nikaambiwa aliwahi kuchukua fomu ya udiwani. Kuchukua tu! Kuirudisha hakuirudisha.

2. Lea wa mitumba ni Mfanyabiashara Mashuhuri. Sina ubaya na Lea, hata shati nitakalovaa siku hiyo limetoka kwake. Lakini zamani mtu alikuwa mashuhuri baada ya kufa, au angalau baada ya kutajwa redioni.

3. Shaaban wa mashine ya kusaga ni Mtukufu. Hii sikuielewa kabisa.

4. Mjomba wa bwana harusi, anayelinda nyavu za watu kule bwawani Mtera, ni Afisa Mwandamizi. Walio chini yake ni perege.

5. Siku hiyo mshereheshaji atawataja wote hawa mmoja mmoja, wapigiwe makofi na vigelegele. Akifika kwangu atasema "na wengine wote, itifaki imezingatiwa". Mwenyekiti, mimi ndiye wengine wote? Si ndiye niliyemzaa bibi harusi? Wakwe watajiuliza Angelina katoka kwa mtu gani. Naumia, nakwambia kweli. Kazi imekwenda, meza yangu ya ofisini anakalia mtu mwingine, sasa nisibaki hata na herufi tatu za kumtoa mwanangu nyumbani kwa heshima?

Kwa hiyo naomba nipewe Mheshimiwa. Ikiwa zimekwisha, nitapokea Mtukufu, Shaaban akikubali kuachia. Mashuhuri Mstaafu pia sitaikataa.

Kamati isipoteze muda kujadili, kwani hatua za awali nimeshazichukua mwenyewe. Zile kadi arobaini za upande wa Hombolo mlizonipa wiki iliyopita, mbele ya jina langu lililochapwa nimeongeza "Mhe." kwa mkono, kwa wino mweusi, na zimeshafika. Kinachotakiwa ni nyinyi kuthibitisha tu.

Nisalimie mkeo, watoto, wajumbe wote wa kamati na yule wa vyombo vya muziki. Mweka hazina naye msalimie, ingawa tunajuana.

Wako katika ujenzi wa heshima,

Yotham Chalula
(Mhe., nasubiri kuthibitishwa)

Nyongeza, Ijumaa jioni: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Mchana wakwe wamekuja kutoka Hombolo, watu sita na kuku mmoja, kumwona Mheshimiwa kuhusu pampu ya kisima chao iliyokufa tangu Pasaka. Mama Angelina akawapa viti, wakakataa kukaa. Na Mzee Thomas, babu yake Gerson, mtu aliyemzidi umri marehemu baba yangu, akavua kofia pale mlangoni, akainama, akaniamkia shikamoo. Mimi! Mwenyekiti, marahaba haikutoka. Nilimshika mikono nikamwamkia mimi, naye akawa anarudi nyuma akidhani nimeudhika. Aibu niliyoipata sina pa kuiweka.

Nimewaambia ukweli wote, mpaka habari ya masjala. Wakacheka sana, wakakaa kwenye viti, na kuku tumemla pamoja. Barua ya kuombea pampu nimewaandikia, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kesho naenda Hombolo na wembe kukwangua kadi arobaini. Kwenye programu acha Yotham hivyo hivyo. Kiti changu cha meza kuu apewe Mzee Thomas, na mshereheshaji asilitaje jina lake kabla hajamwamkia.