Ombi la Kurudishiwa Giza la Gongoni

Gongoni, Tabora
18 Novemba 1974

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mezani kwako hakuna malalamiko mazito kuliko haya yangu. Mimi ni Twalibu bin Mfaume, fundi cherehani wa Gongoni, mjukuu wa kirangozi aliyeongoza misafara kutoka hapa hadi pwani kwa kutazama nyota tu, bila ramani na bila kumuuliza mtu njia. Nakuandikia kuhusu giza. Tulikuwa nalo, sasa hatunalo, na hatukuitwa kwenye mkutano wowote kuulizwa.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana vijana hawaijui. Kila Novemba, kile kishada cha nyota tunachokiita Kilimia hupanda upande wa mashariki baada ya sala ya isha. Zikionekana nyota zake saba, moja moja, ndipo watu hutia mbegu ardhini. Kwa miaka thelathini na moja mimi ndiye mhesabuji, na shamba la ujamaa la nyumba zetu kumi, kule nje ya Ipuli, halijawahi kupandwa bila neno langu. Mwaka huu balozi wetu, Ndugu Luhende, ameniambia kwa upole kwamba nisipotoa hesabu kufikia mkutano wa Ijumaa, tutafuata kalenda ya Bwana Shamba Elieza. Kalenda hiyo ina picha ya trekta. Sina ugomvi na trekta, lakini jambo hili linaniuma sana, Ndugu Mhariri. Nikipokonywa Kilimia nitabaki mzee wa kupunguza suruali za watu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Taa. Siku chache kabla ya Saba Saba wahusika walisimamisha nguzo ya taa mbele ya baraza yangu. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Tangu hapo mbingu ya Gongoni imekuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nikitazama Kilimia naona kitu kimoja tu, kama pamba iliyosahauliwa juu ya kitambaa cheusi. Nilidhani nyota nazo zimepitiwa na Operesheni Vijiji, zikaagizwa zisogeleane ili zipate huduma. Naunga mkono vijiji kwa moyo wote, ila nyota hazina haja ya zahanati.

2. Ipuli. Nikajiambia, taa ikiwa Gongoni basi giza litakuwa Ipuli. Nikaenda kwa miguu. Mbingu ilikuwa vilevile. Nilipochunguza nikaona nyumba tatu zina koroboi. Nilibisha hodi, nikajieleza, nikawaomba wazime. Wakazima, Mungu awabariki, wakakaa gizani na chakula chao. Mwanga haukupungua hata kidogo. Hapo niligundua kwamba mwanga wa mafuta ya taa hubaki hewani muda mrefu baada ya utambi kuzimwa, jambo ambalo sijasikia likisemwa na mtaalamu yeyote.

3. Usoke. Nilipanda treni pamoja na mke wangu Zamda hadi kwa shemeji yangu Mussa, anayelima tumbaku. Huko hakuna nguzo wala waya. Kumbe watu walikuwa wakichoma visiki kusafisha mashamba, na moshi ukaziba kila kitu. Nilimwambia Mussa kwamba nimepoteza nauli. Yeye akainua kidole, akahesabu taratibu, kisha akasema, "Saba, shemeji, na ile ndogo ya nane pembeni." Watu wa Usoke ni wakarimu mno, hawapendi mgeni aondoke mikono mitupu, kwa hiyo nilimshukuru bila kumwamini. Zamda aligeukia dirishani njia nzima ya kurudi, bila shaka kwa aibu ya kaka yake.

4. Madhara mengine. Mwanga huu sasa umeanza kuharibu hata vitu vya ndani. Sindano za siku hizi zinatengenezwa zikiwa na matundu madogo, na uzi unakataa kupita hadi Zamda auelekeze. Wino umefifia. Hata gazeti lako, niseme kwa heshima, herufi zake zimeota ukungu. Sikulaumu, huenda mtambo wenu umewekwa karibu na taa. Ndiyo sababu Zamda, aliyefaulu kisomo cha watu wazima mwaka jana na ana cheti, ndiye anayenisomea gazeti, na barua hii ni mwandiko wake. Maneno ni yangu.

5. Visiwa. Katika gazeti lako hilohilo tumesoma kwamba wataalamu wa nyota kutoka ng'ambo wanahangaika kutafuta mahali penye giza safi, na wamelipata katika visiwa vya nchi za joto, juu ya milima inayotema moto. Nilimwomba Zamda arudie mara mbili. Mtu anakimbia taa ya barabarani, anavuka bahari, anakwenda kukaa juu ya mlima unaowaka! Je, ule moto hautoi mwanga? Na kama giza linapatikana pembeni ya moto mkubwa namna hiyo, kwa nini lisipatikane pembeni ya koroboi ya Ipuli? Sisi tunahimizwa kujitegemea. Giza la njia ya misafara lilimfikisha babu yangu Bagamoyo na kumrudisha, na mlima wa moto hakuuona hata mmoja.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Taa ya mbele ya baraza yangu izimwe, na pamoja nayo taa zote za Tabora, hadi mahindi yaote. Treni zipite bila taa, na kama dereva ana wasiwasi nitakaa naye mbele nimwonyeshe njia kwa nyota. Mwezi nao uangaliwe. Nusu ya kila mwezi unatoka na kuvuruga kazi za watu, wala hakuna kamati iliyowahi kuuita ujieleze. Ikishindikana yote, basi serikali inipeleke mimi na Zamda katika kisiwa kimojawapo kabla ya Ijumaa. Nitahesabu, nitashuka mlimani, nitampigia Balozi simu ya maandishi yenye maneno mawili: SABA. PANDENI. Sitadai posho.

Nisalimie wapiga chapa, wapanga herufi, mpika chai wa ofisi na wote wanaokulisha habari. Mwambie na Bwana Shamba, akisoma, kwamba namheshimu.

Wako katika kujenga nchi, gizani ikiwezekana,
Twalibu bin Mfaume

Nyongeza: Ndugu Mhariri, shikamoo. Sasa ninayesema ni mimi Zamda. Ile taa iliungua mwezi wa Septemba na haijawaka tena. Usoke mbingu ilikuwa safi, moshi haukuwepo. Mwaka jana, kabla nguzo haijaletwa, mume wangu aliniomba nimhesabie Kilimia kwa kisingizio cha shingo kumuuma. Jana nimezihesabu mwenyewe, ni saba, nikaenda kumwambia Balozi kwamba Mzee Twalibu ameziona, kwa hiyo Jumamosi tunapanda. Mwezi ujao daktari wa macho anakuja hospitali, lakini mume wangu hataki kusikia, anasema ukoo wake haujapata kuwa na macho mabovu. Gazeti analiamini. Nakuomba uchapishe jibu kwamba safari ya kisiwani inafikiriwa, ila msafiri hapokelewi bila cheti cha kupimwa macho. Atakwenda. Usiogope kwamba atanikasirikia. Nimempa barua aikague pamoja na maneno haya. Ameishika karibu na dirisha, ameitazama mpaka huku chini, akaniambia nimeandika vizuri, niifunge.