Semina ya Kufumba Macho

Ndalahwa alikuwa hajafika nusu ya chai yake, pale kwenye baraza ya hoteli karibu na bandari ya Mwanza, alipowasikia wakubwa watatu wa meza ya jirani wakihema. Hawakuwa wamepanda ngazi. Walihema kama watu wenye gari la ofisi wanaoogopa kunyang'anywa gari la ofisi, na sikio la Ndalahwa lilijua kutofautisha.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Mipaka imefunguliwa, kila kitu kinaingia: betri, biskuti, hata makoti ya theluji kwa watu wanaolala bila shuka. Wakuu wa masoko, ambao zamani kazi yao ilikuwa kuwaambia wateja wapange foleni, sasa waliamriwa wakawatafute wateja wenyewe. Unaweza kuona kwa nini pumzi zilikuwa fupi.

"Sabuni yangu imejaa ghalani mpaka panya wanateleza," alisema Getruda Kashindye wa kiwanda cha sabuni, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. "Mkurugenzi kasema mwisho wa mwezi ghala liwe tupu. Lisipokuwa tupu, kiti changu ndicho kitakuwa kitupu."

"Heri wewe," alisema Alexander Shimba wa kiwanda cha soda. "Mimi nimeambiwa nilete ubunifu. Nimeutafuta stoo nzima, sijauona."

Wa tatu alikuwa mzee Okomo wa minofu ya sangara, mtu wa Mara, mwenye kitambi cha heshima. "Mimi wanataka niwe kiongozi wa kisasa. Omera, ndugu yangu, maisha yangu yote nimekuwa wa kizamani, nani alilalamika?"

Ndalahwa akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka ndoano majini. Huyu ndiye aliyewahi kuuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya, na ndiye aliyepangisha chumba kimoja cha Mabatini kwa mabwana harusi watatu wiki moja. Alinyoosha tai yake nyekundu, akasogea.

"Waheshimiwa, mniwie radhi. Nimesikia pumzi zenu. Zinatokea juu mno. Kiongozi hapumulii hapa," akagusa koo lake, "anapumulia hapa." Akagusa kitambi cha Okomo, kwa adabu zote.

"Wewe nani?" akauliza Getruda.

"Dokta Ndalahwa. Uongozi Tulivu na Ubunifu kwa Wakuu wa Masoko. Nimeusomea ng'ambo."

Hakusema uongo. Alimaliza darasa la saba Kamanga, ng'ambo ya maji.

Sasa, mkubwa wa ofisi ana ugonjwa wake: hawezi kukiri mbele ya mkubwa mwenzake kwamba kuna kitu hajawahi kukisikia. Shimba akaitikia kwa kichwa. "Ah, Uongozi Tulivu! Nilikuwa natafuta mtu wake." Okomo naye akasema hata kiwandani kwao wameuzungumzia sana. Getruda alimtazama tu Ndalahwa, kisha ile tai, kisha akasema na yeye atakuja.

Ofisi zote zililipa ada mapema, maana mwaka wa fedha ulikuwa ukingoni na fungu la mafunzo lisipoliwa huonekana halikuhitajika. Ndalahwa akazitia ada kwenye mkoba wa ngozi, akakata tiketi ya treni ya Dar kwa usiku wa Jumatatu. Huko angefungua ofisi yenye pazia na katibu muhtasi. Kilichobaki ni kuwakalisha wakubwa Jumamosi moja, wasije wakalalamika kabla treni haijaondoka.

Semina ikafanyika Ilemela, ufukweni, chini ya mawe makubwa. Viti vilikodiwa vikiwa bado na utepe wa harusi. Beji zilikuwepo. Washiriki walipokaa, Okomo akanyoosha mkono.

"Dokta, kabla hatujatulia, suala la posho limekaaje?"

Ndalahwa akatoa macho. Alikwishawaibia watu wa kila aina, lakini hakuwahi kukutana na kondoo anayedai nauli ya kwenda machinjioni.

"Posho ya leo, mzee wangu, ni ya ndani."

"Ya ndani kwa ndani?" Okomo akanong'ona, akaridhika. "Hiyo ndiyo nzuri."

"Fumbeni macho," akaagiza Ndalahwa. "Macho ya wazi ni ya vibarua. Anachokiona kiongozi akiwa amefumba, hicho ndicho kweli yenyewe. Pumueni. Kisha kila mmoja aseme anachokiona. Mheshimiwa Shimba?"

"Naona giza."

"Vizuri sana. Giza la namna gani?"

"La kawaida tu, Dokta."

Okomo alikuwa ameanza kukoroma. "Mwoneni mzee," akasema Ndalahwa, "keshafika mbali kuliko sisi sote. Mama Kashindye?"

Getruda alikuwa ametulia kama jiwe la nyuma yake. "Naona lori," akasema. "La bluu. Linatoka Kampala."

Ndalahwa, aliyekuwa akiutazama mkoba wake, akageuza shingo.

"Lina tajiri ndani," Getruda akaendelea. "Anataka sabuni ya miche, ghala zima. Bei anatoa mara mbili, wala habishani."

Ndalahwa akamsogelea sikioni. "Anafika lini, mama?"

"Jumanne namwona yupo mjini. Lakini hanunui kwangu. Aliyeinunua sabuni kabla yake ni mtu mwingine. Sura siioni vizuri." Akavuta pumzi ndefu, ya tumboni kabisa. "Naona tai nyekundu."

Ndalahwa akaishika tai yake kama mtu anayehakikisha kichwa bado kipo. Mama mzima anaropoka siri ya ofisi, kisa kafumba macho! Mafunzo haya, akawaza, kumbe yana nguvu kweli.

Jumatatu asubuhi alikuwa kiwandani na mkoba.

"Dokta, una uhakika?" Getruda akamuuliza. "Mali ikitoka getini hairudi."

"Kiongozi hasiti, mama."

Akamimina ada zote mezani, akapewa stakabadhi yenye mhuri. Miche ya sabuni ikahamia nyumba ya kukodi Igoma, ikajaa vyumba, ikajaa ukumbi, ikabidi Ndalahwa alale jikoni. Treni ya Dar ikaondoka bila yeye. Mkurugenzi mwenyewe akaja kulitazama ghala tupu, akapiga kelele humo ndani asikie mwangwi, akacheka, akampa Getruda mkono.

Jumanne lori la bluu lilikuja, tuwe wakweli. Lilitoka Kampala kufuata dagaa. Dereva alinunua mche mmoja, akanawa mikono, akaenda zake.

Siku ya pili yake Ndalahwa akaingia ofisini kwa Getruda bila kubisha hodi. "Mama! Tajiri yuko wapi?"

"Tajiri gani, Dokta?"

"Wa Kampala! Mwenye bei mara mbili! Si ulisema unamwona?"

"Nilimwona," alisema Getruda, taratibu vilevile. "Uliniambia nifumbe macho, niseme. Nikafumba, nikasema. Ningefumbua ningekuona wewe."

Ndalahwa akafungua mdomo. Akafikiria kwenda polisi. Akafikiria polisi wakimuuliza udokta wake kausomea wapi. Akaufunga mdomo.

"Kaa, bwana, unywe chai," akasema Getruda. "Mtu aliyewatoza wakubwa ada ya kusinzia hawezi kushindwa kuuza sabuni. Natafuta wakala wa mwambao wa ziwa."

Hivyo ndivyo Ndalahwa alivyoingia kwenye aibu kubwa kuliko zote za maisha yake: kazi halali. Akaanzia Kirumba kwa akina mama wa dagaa. Uongo wote aliojaribu waliucheka, mpaka siku moja, kwa uchovu, akawaambia kwamba povu la sabuni hii ni dogo ila haiishi upesi. Wakanunua. Aliudhika wiki nzima.

Mwaka uliofuata kiwanda kikawaita mawakala wote semina, Ilemela, chini ya mawe yaleyale. Ada ililipwa mapema. Mbele alisimama Getruda Kashindye, beji kifuani, mkoba wa ngozi miguuni.

"Fumbeni macho," akasema.

Mawakala wakafumba. Ndalahwa akafumba moja. La pili, kwa mazoea, likateremka taratibu mpaka kwenye mkoba, likapanda kidogo, likakutana na jicho la Getruda, nalo moja, liko wazi.

"Dokta," akanong'ona yule mama. "Pumua."