Televisheni ya Memsahib Yashuka Bondeni

Jumatatu, 8 Septemba 1958

Nimekula peke yangu tena. Jioni ya sita mfululizo! Mke wangu Hadiya, watoto wote watatu, hata mama mkwe wangu Bi Safiyo, wote wako kwa jirani Muhidin muuza mkaa, wanasikiliza redio yake. Magoti ya Bi Safiyo hayamfikishi bombani, ila kwa Muhidin yanafika. Na huyo Muhidin! Kitufe cha redio anakizungusha kwa leso safi, utadhani anamfuta mtoto pua.

Nikaongea na paka. Paka naye akatoka. Nadhani najua alikokwenda.

Inaniuma, sitaficha. Miaka kumi na moja nawapikia Wazungu, halafu kwangu hakuna wa kuniambia chumvi imezidi.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu si Athumani! Leo Memsahib, bibi ninayempikia, alishikwa na hamu ya kwao Uingereza. Nikiwa nakausha vikombe akanieleza jinsi familia ya dada yake inavyokaa jioni. Wanazima taa. Wanaweka sahani magotini. Wanatazama televisheni, na hakuna anayefungua mdomo mpaka iishe. Nikamuuliza, hata mama mkwe? Akasema hata mama mkwe. Nikamuuliza tena, nihakikishe.

Na televisheni tunayo! Yaani anayo yeye. Alirudi nayo kutoka likizo mwaka jana, na tangu hapo inabeba chungu cha maua. Anasema Kenya bado hakuna kituo cha kurusha picha. Mimi naona hajaisubiri vya kutosha. Mzungu hana subira, hata maharagwe anataka ya mkebe.

Jumamosi anakwenda Gilgil kwa rafiki yake, atalala huko. Sijaomba ruhusa. Kuomba kungemsumbua.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala nimetangaza: kesho jioni, televisheni kwangu, wote karibuni. Muhidin akauliza mbele ya watu itatumia umeme gani, na nyumba zetu hazina. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamjibu kwamba za kisasa hazihitaji. Wivu tu.

Kimaiyo, mtunza bustani wa Memsahib, atanisaidia kusukuma toroli. Sharti lake: kiti cha mbele na pilau.

Hadiya hakufurahi. Alisema, "Baba Rukia, redio si kitu. Kila jioni wewe una mpango. Juzi ulikuwa juu ya bati, jana na sungura wako. Sisi tungekaa kama ungekaa."

Maskini, hakuelewa. Nikamwambia akae tayari na sahani.

Jumamosi, 13 Septemba



Toroli lilishuka kutoka Milimani kwa Wazungu mpaka kwetu Bondeni vizuri, sanduku limefunikwa kitambaa cha meza cha Memsahib. Tukaliweka juu ya kasha la nguo. Nyumba ikajaa. Hata Muhidin akaja, mikono kifuani. Nikagawa pilau, sahani magotini. Nikataka kuzima kandili, Bi Safiyo akakataa, hakai gizani na Kimaiyo asiyemjua ukoo wake. Haya, kandili ikabaki.

Nikazungusha kitufe. Kwa leso! Kimya.

Tukangoja. Nikazungusha kingine. Kimya kile kile. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mwishowe mwanangu mdogo akanyoosha kidole, akasema yule ni Rukia. Na kweli, kwenye kioo tulikuwemo sisi wote, wadogo, wa kijivu, tumepinda kidogo, na sahani zetu. Hakuna kingine. Muhidin akaanza kucheka. Nikatamani ardhi inimeze.

Bi Safiyo akamnyamazisha. Akasogeza kichwa, akatazama sana, akasema, "Yule mama wa mbele mbona amekaa kama gunia? Mwambieni anyooke." Akanyooka yeye mwenyewe. Wa kwenye kioo naye akanyooka.

Nyumba ikapasuka! Ikawa kila mtu anasemwa. Yule kijana anakula sahani ya pili. Yule muuza mkaa ameficha mnofu wa jirani. Muhidin mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa.

Halafu Hadiya, bila kugeuka, akauliza, "Na yule mwanamume aliyesimama nyuma, kwa nini hakai na wenzake?"

Nikakaa. Akanipakulia. Sijamwona Hadiya akicheka hivyo tangu Idi, na pilau yangu sikujua kama ni tamu kiasi kile.

Jumapili, 14 Septemba

Televisheni imerudi salama. Memsahib aliona punje ya wali kwenye kitufe, akaniuliza imefikaje pale. Nikamwambia ni siafu waliibeba.

Jioni nafika nyumbani, wote wapo! Hakuna aliyekwenda kwa Muhidin. Wamekaa pale pale pa jana, mbele ya kasha tupu, Bi Safiyo anawasimulia jinsi alivyofika Nakuru kwa gari moshi. Sahani yangu imefunikwa. Hadiya akanisogezea mkeka, akaniambia nikae.

Nikae vipi? Kilichowaleta ni televisheni, na televisheni haipo! Wakiikumbuka redio tu, nimekwisha. Nikavaa viatu tena.

Sasa niko kwa Muhidin. Yuko peke yake, amenipokea vizuri sana. Ana kabati lenye kioo, na kwa hesabu zangu redio yake ikikaa ndani ya kabati, na kandili pembeni, tutakuwa na picha na sauti. Tumeshaanza kung'oa rafu.

Kicheko cha Hadiya kinafika mpaka huku. Nimemwomba Muhidin afunge dirisha, tunashindwa kupanga.