Gurudumu la Kushoto la Nyuma

Baraka, Jumanne, 2 mwezi wa tatu 1999

Habari mbaya kutoka juu milimani. Mama mukwe amekimbia kutoka Kilembwe kwa miguu, vita nyuma yake. Amefika Fizi, amelazwa parokiani na kidonda cha mguu. Hawezi tena kutembea. Mke wangu Constance analia tangu asubuhi. Kaka yake Henri, fundi, ameingia chini ya camionnette yangu, gari langu la mizigo, akatoka amekunja uso. Joint ya gurudumu la kushoto la nyuma imekwisha, haizuii tena mafuta. Mafuta yamelowesha frein, gari halisimami vizuri. Hata roulement inayobeba gurudumu inacheza. Ameagiza vyote viwili Uvira, boti itavileta Jumamosi. "Shemeki, tungoje," anasema. "Hii gurudumu itakuacha njiani."

Henri ni mtu wa kungoja. Mke hana mpaka leo.

Jumatano, 3

Jumamosi ni mbali. Tena ikifika, nani atasifiwa? Henri. Mama mukwe hakunipenda tangu siku ya mahari, alisema mdomo wangu unafanya kazi kuliko mikono. Basi ataona. Raphaël, mchuuzi wa chumvi, anapanda Fizi na baiskeli yake. Nimemtuma amwambie mama: mukwe wako Placide anakuja Ijumaa na gari, asiondoke hapo. Constance ameuliza gari gani. Nikaenda kutafuta spana.

Alhamisi, 4

Henri yuko Mboko. Nafasi yangu. Nimetoa gurudumu, nikavuta chuma chake chote, kile kinacholizungusha. Joint ya zamani imekauka kama ngozi ya mbuzi. Nimekata mpya kwenye kandambili ya Constance. Imekaa vizuri. Karibu vizuri. Roulement nimeiosha kwa mafuta ya taa. Gololi mbili zimepasuka, nimezitupa, zilizobaki zinatosha. Grisi hakuna Baraka nzima, lakini mawese yapo. Nimejaza mawese. Sijui kwa nini mafundi hawafikirii mambo kama haya.

Constance anatafuta kandambili yake.

Ijumaa, 5

Nimerudi kwa miguu.

Kwenye barrière askari waliniuliza ninakaanga nini. Kweli, gurudumu lilitoa moshi wa samaki wa sikukuu. Nikacheka nao, wakaniachia. Baada ya mto Mutambala kuna mteremko. Nikakanyaga frein. Hakuna kitu. Kisha nikaona gurudumu linanipita upande wa kushoto, limebeba chuma chake, halina haraka, likaingia katika mihogo ya watu. Gari likalala mtaroni. Mimi mzima, goti tu. Nikaenda kulitafuta gurudumu. Niliporudi nalo, betri haipo, viti havipo, magurudumu matatu hayapo. Nilikaa pale kando ya barabara na gurudumu langu moja. Fizi niliiona kule juu.

Jumamosi, 6

Boti imefika. Joint na roulement, mpya, bado katika karatasi zake. Henri ameziweka mezani mbele yangu. Kisha amechukua wanaume watatu na kipoyi, kile kiti cha kubebea watu, wamepanda Fizi kumchukua mamake. Nilijitolea kuwaonyesha njia. Walisema wanaijua.

Jumatatu, 8

Wamefika na mama. Kidonda kimeoza, unasikia harufu kabla ya kuingia. Muuguzi anasema apelekwe hospitali ya Uvira upesi. Angeletwa siku tatu mapema, angetibiwa hapa hapa. Nikaingia kumsalimu, nikaketi mbali kama adabu inavyotaka. Amekonda.

"Bantu ya parokia balishuka huku Baraka siku ya ine, Alhamisi, mukwe," akasema. "Balitaka kunibeba. Nikabaambia hapana, mi nangojea motokari yako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Constance alikuwa anaosha kile kidonda, hakuinua kichwa. Nilitoka, nikakaa nyuma ya jiko. Chakula kilikuja, sikukigusa.

Jumanne, 9

Nimefikiri vizuri. Kosa lilikuwa la barabara. Barabara ina miteremko, ina mitaro, ina wezi. Ziwa halina hata kimoja. Henri anataka tungoje boti kubwa ya Alhamisi. Kungoja tena! Rafiki yangu Alphonse ana mtumbwi na motor ya zamani. Mtumbwi unavuja, lakini kidogo, tena upande mmoja tu. Nimeshapatana naye. Tunamchukua mama kesho, Henri akiwa sokoni.