Dawa ya Milango Inayolia

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Kila besi ikipiga, mabati ya milango yalilia kama sufuria zinazogombana, na fundi wa redio za magari, aliyejipachika cheo cha Daktari, akanyoosha kola. Riziki hiyo! Lilikuja likivutwa kwa kamba na pikapu.

"Gia imegoma, mwanangu," alisema mama mwenye gari akishuka. "Ila gia itasubiri. Kelele hizi zitaniua."

"Gia si kazi yangu, mama. Mimi natibu milango." Daktari akagonga bati kwa kidole. Ng'aa! "Umesikia? Dawa yake ni mikeka ya kunyonya kelele, inatoka nje ya nchi. Wenzangu wangekuchuna ngozi. Mimi nakufanyia nusu bei, maana unanikumbusha marehemu mama yangu."

Marehemu huyo, tuseme ukweli, alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo hiyo.

Mikeka yenyewe ilikuwa utepe wa lami wa kuzibia paa linalovuja. Hata huo Daktari aliuonea huruma: alibandika kipande kimoja tu katikati ya kila mlango, pale pale ambapo kila mteja hugonga akitaka kuhakikisha. Mjini shule. Na kila kipande kilimsogeza karibu na kiwanja cha mkewe, alichokiuza kwa siri ili alijaze duka spika na redio, akaapa kukikomboa kabla mwenyewe hajajua.

Mama akagonga. Du! Akatabasamu.

"Sasa tupime kitaalamu," alisema. "Ingia wewe mwenye masikio ya udaktari. Pandisha vioo, fungulia muziki hadi mwisho, fumba macho. Nyimbo tatu zikiisha bila mtetemo, nakulipa bei nzima badala ya nusu."

Bei nzima! Daktari akaingia, akafumba. Mtetemo ulikuwepo, tena mkubwa, lakini aliamua kutousikia. Alivumilia nyimbo zote tatu, kichwa kikimgonga.

Alipofumbua macho, mama hayupo. Pikapu haipo. Dukani rafu zilikuwa tupu. Mama na wenzake wa pikapu walibeba hadi saa ya ukutani. Tamaa mbele, mauti nyuma, na Daktari alikuwa ameyafikia yote mawili akiwa amekaa.

Alitaka kupiga yowe, kisha akacheka. Si wamemwachia gari zima? Gari na spika wapi na wapi! Akakimbilia boneti, akaifungua. Injini hakuna. Palikuwa na betri moja mpya iliyofungwa kwa kamba, na nafasi ya kutosha kuku na vifaranga wake.

Bado ameinama hapo, mkewe akatokea. Akatazama rafu, akatazama gari.

"Baba watoto," alisema, "najua uliuza kiwanja changu. Miezi minne nimenyamaza, nalia bafuni, nasubiri uniambie mwenyewe. Kumbe ulikuwa unaninunulia gari?"

Daktari akashusha boneti taratibu. Alikuwa amedanganya watu wengi, lakini huu ndio uongo wa kwanza uliomuuma kabla hajautamka.

"Ndiyo, mke wangu."

Mkewe akaingia, akafunga mkanda, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Basi washa, twende kwa mama nikamwonyeshe."