Mto Ulio Kati Yangu na Mama Mkwe

Jumanne, 7 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Marnie amekunywa chai akiwa amevaa soksi zangu. Sijaona kiumbe mzuri kama huyu.

Doa ni moja tu. Mama yake, Bi Pauline, ametupatia nyumba ya kupanga huko Grays, ukuta kwa ukuta na yake. Anataka jibu Jumatatu. Anadai kwetu Greenhithe ni mbali, Mto Thames umemnyang'anya mtoto. Mbali! Kwenda kwake ni handaki chini ya mto, kurudi ni daraja juu yake. Robo saa. Sihami.

Nimempigia simu: aweke keki kwenye oveni, nitafika kabla haijaiva.

Mdomoni mwa handaki, taa nyekundu. Lori la mafuta linasindikizwa handakini kwa usalama, sote tusubiri. Kisha lori jingine. Nimesubiri kwa saa moja na dakika kumi.

Bi Pauline kanifungulia mlango. "Imeiva, imepoa, nimeila."

Alhamisi, 9 Machi

Adui ni gari. Leo baiskeli. Kuendesha baiskeli handakini ni marufuku, ila wafanyakazi wa handaki hukubeba bure, wewe na baiskeli yako, kwenye gari lao. Dereva nimemwonyesha picha za harusi, zote arobaini na mbili. Kafika ng'ambo kanyamaza kabisa, nadhani kwa kuguswa.

Karibu na kwa mama mkwe nikajimwagia maji kichwani yafanane na jasho. Nikamwambia nimepiga pedali chini ya mto mzima, dakika tisa.

Kanitazama. "Mwanangu, nimekaa Grays miaka arobaini. Baiskeli hubebwa. Jifute, unalowesha zulia."

Nilipomsimulia nyumbani, Marnie kacheka hadi machozi. Kicheko chake ni kijiko ndani ya glasi. Nimeoa vizuri.

Jumapili, 12 Machi

Mpango wa uhakika: mama mkwe ndiye aje. Akija kwetu atapita darajani, ataona mto wote chini yake, moyo utalainika. Nikaoka nyama na viazi.

Kafika saa sita mchana, kasema daraja ni zuri. Nusura nimkumbatie.

Saa tisa upepo ukaja. Daraja likafungwa, magari ya pande zote yakasukumiwa handakini. Foleni hadi mtaani kwetu.

"Haya mkwe, nipeleke," kasema Bi Pauline. "Robo saa, si ndiyo?"

Saa mbili baadaye tulikuwa tumevuka mzunguko mmoja wa barabara. Tukarudi. Kachukua kitanda chetu, sisi sakafuni. Marnie kaniuliza taratibu: mama angekuwa anaumwa leo, angemfikiaje? Nikamshika mkono.

Jumatatu, 13 Machi

Ushindi! Nyumba ya Grays imekataliwa. Hatuhami.

Marnie kasema mama hawezi kuachwa peke yake ng'ambo, basi ahamie kwetu. Bi Pauline kakubali kabla sentensi haijaisha. Anachukua chumba kidogo, anakuja na kabati lake la nguo, na analalia kitanda chetu mpaka chake kifike.

Mto nimeushinda kwa akili tu. Wachukuzi wa mizigo aliowakodi nimewafuta kazi. Jumamosi kabati nitalivusha mwenyewe darajani, limefungwa juu ya paa la gari letu. Wanatabiri upepo mkali, lakini unavuma kuja huku. Utatusukuma nyumbani.