Kukengeuka Kwangu Mara Tatu

Jibondo, Mafia
Mwaka 1973

Kwa Ndugu Msimamizi wa Utafiti wa Siasa,

Assalaam alaykum. Mimi ni Kitwana Mfaume, fundi wa mashua hapa Jibondo. Mwili ni mzima, ila hesabu za mwanafunzi wako Azizi zimenitia ugonjwa.

Kijana huyo alikuja kuandika tasnifu ya shahada yake ya pili, kuhusu wanakijiji wa Ujamaa wanavyohudhuria mikutano. Ana adabu, hampiti mtu bila shikamoo. Tulimjibu maswali yote, tukampa na maji ya kuoga, ambayo kwetu huletwa kwa mashua na hapewi kila mgeni. Juzi amerudi kutusomea matokeo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alitangaza mbele ya mkutano wa tawi kwamba ndugu Kitwana amekengeuka mara tatu kutoka kwenye wastani. Ndugu, msikitini aliyekengeuka ni aliyeacha njia. Kwenye Chama ni aliyeacha siasa. Mimi nimeachishwa zote mbili kwa mkupuo. Azizi alieleza kwamba hilo ni neno la hesabu tu, la kupima mtu yuko mbali kiasi gani na wenzake, lakini watu walikwisha kusikia. Othmani, ambaye nimempelekea posa ya dada yake Siwema, sasa anasema jibu lingoje kwanza. Naumia, sifichi.

2. Kosa langu ni kuwapita wenzangu kwa kuhudhuria. Mikutano ya tawi nimo, ya wavuvi nimo, hata somo la kina mama la uji wa watoto wachanga nimo, na mimi ni mgane nisiye na mtoto. Kama huko si kuipenda siasa, sijui mapenzi ni nini.

3. Alichora mstari, na kila mtu akawa nukta. Nukta yangu iko juu peke yake kama kunguru kwenye mlingoti. Nilimwomba aupinde mstari unifikie, akasema haupindiki. Sisi mbao tunazipinda, sembuse wino?

4. Mwisho akanitoa kabisa kwenye hesabu, eti naiharibu. Haya. Basi na yale maji aliyoogea ayarudishe, maana yaliletwa na mashua iliyoundwa na mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, uchague moja: neno lifutwe, au mstari uletwe hadi kwangu, au, kama hesabu za juu hazina ruhusa hiyo, Serikali iwaamuru wanakijiji wote wahudhurie kama mimi, mpaka wastani unikute hapa nilipo. Mimi kurudi nyuma siwezi.

Wasalimie walimu wenzako na wote wa nyumbani kwako. Azizi naye msalimie, mwambie sina kinyongo.

Wako mtiifu, nje ya hesabu,
Kitwana Mfaume

Tanbihi: Barua hii nilimpa Siwema, katibu wetu, aigonge muhuri. Ameisoma yote, kisha akaniuliza somo la uji nilifuata nini. Nikamwambia kweli: katika kila mkutano, yeye ndiye anayeandika kumbukumbu. Amecheka sana, akaenda mwenyewe kwa kaka yake Othmani, naye amekubali, na ndoa ni baada ya Idi. Muhuri umeshagongwa, ndiyo maana naituma. Lakini Azizi alifanya sawa kunitoa. Sikuwa nahudhuria mikutano. Nilikuwa namhudhuria Siwema.